Pole Niliyoitoa Sokoni

Kwenye msiba wa Nesi Pelagia, mwezi wa saba mwaka huu, nilimwona mwanamke mmoja nikaacha kumsalimia. Alikuwa amekaa mkekani na wanawake wengine wakichambua mchele, sweta lake la bluu limefungwa vifungo hadi shingoni kwa ajili ya upepo, na mtoto wa kike wa miaka kumi hivi amemwegemea begani. Nilimtambua mara moja, ingawa mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka kumi na tisa. Kwetu Ufipa salamu si kitu cha kurushiana ukipita. Unasimama, unapinda magoti, unapiga makofi taratibu, unauliza ya nyumbani, ya watoto na ya shamba, kisha unasubiri uulizwe na wewe. Anayepita bila salamu, watu husema ama ana ugomvi nawe ama ameanza kujiona. Niliwasalimia wote pale mkekani mmoja baada ya mwingine, na nilipofika kwake nikayahamishia macho yangu kwenye ungo. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliona. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Skola, huyo mbona umemruka?" Nikamjibu kwamba sikumwona. Nilidanganya, tena kwenye msiba wa mtu aliyenifundisha kudanganya hivyo.

Sitaeleza nilikozaliwa wala nilikosoma, maana hayo hayahusiki hapa. Nitaeleza mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilipokuwa karani wa mapokezi katika kituo cha afya pembezoni mwa mji wa Sumbawanga. Nina haya kuuandika. Lakini mpaka leo niko mapokezi, na kila mara naletewa karani mpya nimfundishe kukaa dirishani, na kila mara nikifika sehemu fulani ya somo najikuta namwambia "usifanye hivi" bila kumwambia ni nani aliyewahi kufanya. Pelagia amekufa, na yeye ndiye peke yake aliyekuwa akijua yote. Naona sasa zamu ya kusema ni yangu. Majina nimeyabadilisha na mambo mawili matatu nimeyahamisha mahali, na mwenye habari hii amesomewa kabla yako, akaniomba nitoe jambo moja, nikalitoa. Nitamwita Anjela. Si jina lake.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba cha uani Majengo, kwa Mama Zuhura, ambaye mumewe alikuwa na duka la vitenge na basi moja dogo la kwenda Namanyere. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo mbili, na dirisha lililotazama jiko la nje, kwa hiyo kila neno lililosemwa jikoni nililisikia kana kwamba nimeambiwa mimi. Kila asubuhi nilivaa sweta mbili, nikatembea kwenda kazini nikiwa nimeinama, kwa sababu mwezi wa sita upepo wa uwanda wetu hupenya hata kwenye meno. Dirisha langu la kazi lilikuwa na kioo chenye tundu la duara chini, na tundu lile lilikuwa dogo, kwa hiyo mimi ndani nilipaza sauti na mgonjwa nje alipaza sauti. Nilikuwa na rejista kubwa, kalamu iliyofungwa kwa uzi, na swali moja: unaumwa nini? Nililiuliza kwa furaha. Nilikuwa najivunia sauti yangu, maana hata waliokaa benchi la mwisho walinisikia, na nilidhani huko ndiko kuwahudumia watu vizuri.

Anjela alikuja Jumatatu moja asubuhi. Alikuwa na khanga ya kijani kichwani na hakuwa na daftari wala kadi. Nikamuuliza anaumwa nini. Akavuta khanga usoni. Nikarudia kwa sauti zaidi, nikidhani hajasikia. Nyuma yake kulikuwa na watu kama kumi na tano, na mzee mmoja mfugaji, mwenye fimbo ndefu, akasema wengine wametoka mbali na jua linapanda. Nami nikasema, "Sema basi dada, watu wanasubiri." Akasema kichwa. Nikaandika kichwa. Kisha hakuingia kwa daktari. Alikwenda kukaa kwenye benchi karibu na ukuta, akakaa pale saa nne nzima, huku mimi nikiita majina na kumwona bila kumtazama. Mchana Nesi Pelagia alitoka kufuata maji, akapita mbele ya benchi lile, akarudi hatua mbili nyuma. Hakumwuliza kitu. Alimwambia tu, "Njoo unisaidie kubeba ndoo." Wakaondoka wote wawili wameshika mkono mmoja wa ndoo, wakapitia mlango wa chanjo.

Nyuma ya chumba cha chanjo kulikuwa na chumba kingine ambacho mimi, katika miezi minne ya kazi, nilidhani ni stoo. Pelagia alinipeleka jioni ya siku ile. Kulikuwa na viti viwili vilivyowekwa upande upande, si kutazamana, chupa ya chai, kitanda cha kupimia chenye shuka safi, na kwenye rafu khanga mpya tatu zilizokunjwa. Niliuliza khanga ni za nini. Akasema kuna wanaokuja na nguo ambazo lazima zibaki kama ushahidi, na hawezi kumwacha mtu arudi nyumbani hivi hivi. Hapo ndipo nilipoelewa ni chumba cha nini, na ndipo nilipoelewa nilikuwa nimefanya nini asubuhi. Pelagia alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu anayeongea na mtoto aliyelala. Alipakua ugali wa ulezi na mgebuka, samaki wa ziwani, aliyechemshwa kwa nyanya, tukala pale pale mezani, akanieleza kazi yangu upya kama mtu anayeeleza mapishi. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi, alisema, inatakiwa ianze ndani ya saa sabini na mbili, yaani siku tatu, na kila saa inayopita bure ni hasara. Halafu inamezwa siku ishirini na nane bila kuruka. Kuna dawa ya kuzuia mimba na za magonjwa mengine. Fomu ya polisi ni muhimu, lakini mtu hatibiwi kwa fomu. Kwake ilikuwa dawa kwanza, fomu baadaye, na kama mtu hataki polisi leo, anaweza kutaka wiki ijayo, ilimradi amerudi. "Anarudi akiona siri yake imekaa," alisema. "Ikitoka, harudi. Na asiporudi, dawa zangu zote hizi ni chaki."

Kisha akanipa sheria tatu. Usimuulize mtu dirishani anaumwa nini, kwa sababu ukimuuliza mbele za watu atakupa jibu la mbele za watu. Anayesema anataka kuonana na nesi faragha, mpe kadi ya pepopunda na umwelekeze mlango wa chanjo, maana mwanamke mwenye kadi ya pepopunda hakuna anayemtazama mara mbili. Na ya tatu, aliposema hiyo alisukuma sahani pembeni: "Ukikutana naye nje ya mlango huu, humjui. Usimsalimie mpaka akusalimie yeye." Hii ya tatu nilibishana nayo. Nilimwambia huu ni mji mdogo, nitapitaje mbele ya mtu bila salamu, watasema serikali imenipa kiti na kiburi. Pelagia akalamba mchuzi kidoleni. "Waache waseme," akasema. Ilikuwa rahisi kwake. Yeye alikuwa mtu mzima, mke wa mtu, anaheshimiwa kanisani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilitaka sana watu waseme kwamba nina adabu.

Siku ya tatu tu nilimwona Anjela sokoni. Alikuwa akiishi Milanzi kwa mjomba wake, na mke wa mjomba, ambaye nitamwita Mama Deo, aliuza dagaa wa Kirando kwenye meza ambayo hata mimi nilikuwa mteja wake. Anjela alikuwa nyuma ya meza akipepeta dagaa. Macho yetu yalikutana, nikakumbuka sheria, nikageuka nikaenda kununua nyanya. Nikafanya hivyo tena wiki iliyofuata. Nilijisikia nimekua, nina siri ya kazi kama daktari. Kumbe Mama Deo alikuwa akihesabu. Jumamosi ya wiki hiyo ya pili nikiwa kwenye meza ya vitunguu nilimsikia akimwambia jirani yake, kwa sauti ya kutaka nisikie, kwamba watoto wa siku hizi wakipata kiti cha ofisini wanasahau nani aliwauzia dagaa kwa bakuli lililojaa. Jirani akacheka, akasema, "Huyo wa dirishani? Si ndiye anatuulizaga magonjwa yetu kama anatangaza mechi." Wakacheka wote. Anjela hakuwepo mezani siku ile, na akili yangu, ambayo ilikuwa inatafuta njia, ikaniambia: sheria ni juu ya Anjela. Juu ya Mama Deo hakuna sheria.

Nikaenda. Nikapinda magoti vizuri kabisa, nikapiga makofi, nikasema shikamoo mama. Nikamuuliza ya nyumbani, ya Deo, ya biashara. Uso wake ukaanza kufunguka, akaniita mwanangu. Na kwa sababu ulikuwa unafunguka, na kwa sababu kwetu salamu haijakamilika kama unajua nyumba ina mgonjwa na hukumpa pole mwenye nyumba, nikasema, "Na poleni na mgonjwa."

"Mgonjwa gani?" akauliza Mama Deo.

Mpaka leo nikisikia mtu akiuliza swali hilo, hata kwa jambo lingine kabisa, nageuka kumtazama aliyeulizwa. Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema nimemchanganya na mama mwingine, na angecheka, na ingeishia hapo. Badala yake nilitaka kuonekana ninajua ninachosema. Nikasema Anjela, si amekuja pale kwetu mara mbili. Nikaona macho yake yanabadilika, nikaogopa, nikajaribu kurekebisha, nikasema labda ni chanjo tu, ya pepopunda, kina mama wengi wanachoma. "Chanjo mara mbili?" akasema. Kisha akanifungia dagaa, akaongeza konzi moja juu, akanishukuru kwa kumjali. Nilirudi Majengo nikiwa mwepesi. Nasema hivi kwa sababu ndio ukweli, na ndio unaoniumiza zaidi kuliko vyote: nilirudi nikiwa na furaha. Nilizikaanga dagaa zile na kitunguu, nikazila zote.

Jumatatu Anjela hakuja kuchukua dawa za wiki ya tatu. Pelagia alitoka mara tatu kutazama benchi. Jumanne hakuja. Jioni ya Jumanne nilikuwa chumbani nikila wali na maharage aliyonipa Mama Zuhura, nao wanawake walikuwa jikoni nje wakimenya viazi, na mmoja wao, mgeni aliyetoka Milanzi, alikuwa akisimulia. Kuna nyumba kule, alisema, wamemkuta binti na dawa ndani ya foronya, zile dawa za wale wagonjwa. Mke wa mjomba akapiga kelele mpaka majirani wakajaa, akasema hawezi kulala nyumba moja na maradhi, na alfajiri wamempakia kwenye lori la dagaa arudi kwao Kirando. Mwingine akauliza walijuaje. "Waliambiwa na mtu wa huko huko hospitali," akasema yule mgeni. "Tena kwa kupewa pole." Nilisikia kisu kikiwekwa kwenye sinia. Mama Zuhura alikuwa akijua dirisha langu liko wapi. Akasema, taratibu, kwamba viazi vinatosha, waingie ndani, baridi imeanza. Nilibaki na wali mdomoni. Sikuweza kuumeza na sikuwa na mahali pa kuutemea.

Asubuhi nilimfuata Pelagia kwenye chumba kile kabla ya kufungua dirisha. Nilikuwa nimepanga maneno. Niliyaanza kwa kusema sikumsalimia Anjela hata siku moja, nimeshika sheria. Alikuwa akipanga sindano kwenye trei, akaendelea kupanga. Nikamwambia yote mpaka kwenye konzi ya dagaa. Nilitegemea anigombeze, maana ukigombezwa unapata pa kulilia. Aliuliza jambo moja tu, kama Anjela aliondoka na dawa zake au bila dawa. Sikujua. Akakaa kwenye kiti kimoja, na mimi nikakaa kwenye kile kingine, upande upande, hatutazamani, na nikaelewa kwa nini aliviweka vile.

"Nilifanya kosa mimi," alisema. "Nilikuambia usimsalimie yeye. Nilisahau kukuambia kwamba yeye si mtu mmoja. Yeye ni pamoja na mama yake, na mjomba, na jirani, na kuku wao. Wote huwajui."

Kesho yake gari la mkoa lilikuwa likipeleka chanjo Nkasi, hadi Kirando. Pelagia aliomba nafasi mbili. Sikujua aliwaambia nini wakubwa. Tulikaa nyuma na masanduku ya baridi, na ndani ya mkoba wake, chini ya mkate, kulikuwa na chupa ya vidonge. Njia yote niliangalia uwanda ukipita, mashamba ya mahindi yaliyovunwa, moshi wa mabua, watoto wenye mablanketi mabegani wakichunga, mpaka barabara ikaanza kuteremka, hewa ikawa nzito na ya joto, na ziwa likatokea. Kirando yote ilikuwa imeanikwa dagaa. Ilikuwa siku ya kliniki, wanawake wamejaa, na Pelagia alimwomba nesi wa pale tusaidie kupima watoto. Nikawa nawatundika kwenye mzani, mmoja baada ya mwingine, wanalia, nami nasoma kilo. Nesi wa pale alimtuma mama mmoja amwite Anjela kwa kisingizio cha uji wa watoto, yule akamtuma mwingine, na baada ya saa nzima Anjela akaja akiwa amebeba mtoto wa dada yake, kama mwanamke yeyote aliyeleta mtoto kliniki.

Alipofika kwenye mzani wangu nilimpokea mtoto bila kumtazama. Nilikuwa nimejifunza, lakini nilikuwa nimejifunza kwa kuchelewa. Yeye ndiye aliyezungumza, kwa sauti ya kawaida, huku akimvua mtoto kofia.

"Dada, unajua nilisafirishwa na lori la nani?"

Nikasema sijui.

"Lake yeye."

Sikuelewa mara moja, kisha nikaelewa. Sikuwa nimewahi kuambiwa ni nani aliyemtendea jambo lile. Pelagia asingeniambia, na mimi sikuwahi kujiuliza. Alikuwa rafiki wa mjomba, mwenye lori, anayebeba dagaa za Mama Deo kila wiki, anayekula kwenye sahani zao. Anjela akaniambia kwamba walimwambia akae mbele karibu na dereva, akakataa, akapanda juu ya magunia matupu, na baridi yote ya uwanda ikampiga mpaka walipoanza kuteremka. "Nilishika kamba," akasema. Halafu akauliza mtoto ana kilo ngapi. Nikamsomea. Ikabidi nisome mara mbili.

Alikuwa ameruka siku nne, kwa sababu Mama Deo alitupa dawa chooni. Pelagia aliingia naye chumba cha nesi, wakakaa muda mrefu. Kilichopangwa nilikijua kwa kukiona tu: vidonge vilibaki kwa nesi wa pale, na Anjela angekuja kila asubuhi kumsaidia kufagia uwanja. Kuhusu polisi, alikuwa amekubali kwenda wiki ile ile aliyofukuzwa. Baada ya lori hakutaka tena, na Pelagia hakumsukuma. Yule mwanaume aliendelea kubeba dagaa. Lori lake lilipita mbele ya dirisha langu kila wiki, na nilijifunza kulitambua kwa honi. Na Mama Deo, hili nalo niliseme, aliendelea kunisifu sokoni. Aliwaambia watu kwamba yule binti wa dirishani ana utu, ndiye aliyemfumbua macho. Nilikuwa nimepata nilichokuwa nikikitafuta. Niliacha kula dagaa.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule nilimfanyia Pelagia kila alichoniambia. Nilikata maboksi ya sindano, nikaandika namba, nikayatoboa na kuyafunga uzi, na tangu hapo hatukuita mtu kwa jina tena wala kuuliza ugonjwa dirishani. Ukifika unachukua namba, unaingia chumba cha kwanza, mlango unafungwa, ndipo unaulizwa. Wazee walilalamika kwamba tunawaita kama mbuzi wa mnada. Baadaye wakazoea. Tulizungushia turubai njia ya mlango wa chanjo. Nilipojua miezi mitatu imepita, na kwamba lazima Anjela amepimwa, nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta Pelagia akikunja khanga, nikamuuliza majibu yalikuwaje. "Ya nani?" akauliza. Nikataja jina. Akanitazama kwa upole kabisa. "Simjui huyo," akasema, akaendelea kukunja. Sikuuliza tena. Mpaka leo sijui, na sistahili kujua. Hiyo ndiyo adhabu pekee aliyowahi kunipa, na sidhani kama yeye aliiita adhabu.

Siku hizi mambo yamepanuka. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto, na hospitali nyingine zina mahali ambapo mganga, polisi na mtu wa ustawi wa jamii wanakufuata wewe ulipo badala ya wewe kuwafuata mmoja mmoja na kurudia maneno yale yale. Lakini kote huko bado kuna mtu wa kwanza, aliyekaa mlangoni, na mara nyingi ni mtu kama nilivyokuwa mimi, si mbaya, ana sauti nzuri na anapenda kusifiwa. Kama unasoma haya na jambo limekupata, wewe au mtu wako, jua kwamba huna deni la maelezo dirishani. Sema tu unataka kuonana na nesi faragha. Nenda mapema, usioge wala usifue nguo kama unaweza kuvumilia, lakini hata kama umeshaoga, nenda. Hata kama siku tatu zimepita, nenda. Yapo mengine ya kusaidiwa. Na ukikuta mtu kama mimi akikuuliza kwa sauti, rudia sentensi ile ile mpaka akuelekeze mlango.

Narudi msibani. Baada ya chakula nilikwenda kuosha vyombo nyuma ya nyumba, kwenye bomba, kwa sababu nilitaka kuwa peke yangu. Nilikuwa na sahani mikononi nilipoona sweta la bluu likichuchumaa upande wa pili wa beseni. Akachukua sufuria, akaanza kuisugua kwa majivu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Nimeona ulivyoniruka pale."

Nilikuwa na maneno ya kuomba msamaha niliyoyabeba kwa miaka yote ile. Niliyajua kwa mpangilio wake. Nikafungua mdomo. Wakati huo huo yule mtoto wake akaja mbio, akasimama nyuma yake, akaniangalia na kumuuliza mama yake huyu ni nani. Anjela hakuacha kusugua. "Naosha naye vyombo," akasema. "Nenda kacheze." Mtoto akaenda. Nikafunga mdomo. Nilielewa kwamba maneno yangu, nikiyatoa pale, yangekuwa mzigo ninaoutua mimi kichwani kwangu na kumtwika yeye.

"Mlango wa chanjo bado upo?" akauliza.

"Upo."

"Na nesi?"

"Yupo mwingine. Pelagia mwenyewe ndiye aliyemfundisha."

Aliisuuza sufuria, akaigeuza. "Kuna mtu nataka kumleta. Nilifikiri Jumanne, siku ya kliniki, watu wakiwa wengi."

"Sitakuuliza ila kitu kimoja," nikasema. "Limempata lini?"

"Juzi jioni."

"Basi usingoje Jumanne. Mlete leo. Nakwenda kufungua sasa hivi."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Ana macho yale yale. "Na wewe utakuwa hunijui?"

"Sikujui," nikasema.

Niliondoka msibani kabla ya watu kutawanyika, na najua walinisema. Nilimpigia simu nesi, naye alifika kabla yangu. Saa kumi walikuja wawili kupitia njia ya turubai, yule mwenye sweta la bluu na binti aliyejitanda kitenge mpaka kwenye nyusi, akitazama viatu vyake. Ilikuwa Jumapili, kituo kilikuwa kitupu, na namba haikuhitajika, lakini niliitafuta ile ya kwanza kwenye kopo la namba. Nilikuwa na pole mdomoni, imejaa. Nikaimeza, nikampa namba.